Mdogo wa Tatu wa Olive

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Olive alishuka na bidoni lake la njano hadi bombani. Kushuka Cimpunda, mtaa wao wa mlimani pale Bukavu, si kazi. Mlima wenyewe unakusukuma mgongoni. Kazi ni kupanda na maji kichwani huku tope likikuvua ndala, na jogoo wa jirani amesimama juu ya ukuta anakutazama kama shabiki wa timu pinzani.

Bombani watoto walisukumana, walitukanana kwa upendo, walimwagiana maji. Olive peke yake hakusukumwa. Alipokaribia, foleni ilijipasua yenyewe, kama inavyojipasua kwa mheshimiwa. Tofauti ni kwamba mheshimiwa hupishwa kwa heshima. Olive alipishwa kwa woga.

Asubuhi moja alijipa moyo akamwambia Faida, msichana wa darasa lake ambaye ukuta wa nyumba yao unagusana na wa kina Olive:

"Faida, leo jioni tucheze elastiki?"

Faida alitazama kwanza nyuma, kuona kama mama yake yupo karibu.

"Maman alisema nisikuye kwenu."

"Basi mimi nitakuja kwenu."

"Ile njo mbaya zaidi," alisema Faida. Halafu akaona haya, akaanza kusugua kifuniko cha bidoni lake ambacho hakikuwa na uchafu wowote. "Kwetu iko mutoto mudogo, Olive. Unajua."

Olive alijua. Kwa hiyo jioni ile, kama jioni nyingine zote, alifunga elastiki upande mmoja kwenye mguu wa kiti, upande wa pili kwenye bidoni, akaruka mwenyewe. Kiti hakikuchoka. Bidoni halikudanganya. Hakuna aliyemwambia zamu yako imekwisha. Ni mchezo mzuri sana kwa mtu asiyependa kushindwa: Olive alishinda kila siku, na hakuna ushindi unaochosha kama ule.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Olive alikuwa na miaka kumi na miwili. Baada yake mama yake alizaa watoto wawili, wote wavulana. Kila mmoja alizaliwa akilia vizuri, akageuka rangi ya njano, akaacha kunyonya, akaondoka hata kabla majirani hawajamaliza kuleta sabuni za pongezi. Mtaani wakaanza kunong'ona kwamba mtoto wa kwanza amewafungia wadogo zake mlango. Wengine, wenye njaa zaidi ya maneno, walisema amewala. Basi akina mama wenye vichanga walivuta khanga zao Olive alipopita, kama anayefunika chungu paka anapoingia jikoni.

Nyumbani hakuna aliyemsema. Lakini pia hakuna aliyesema lolote. Koko Francine, bibi yake mzaa baba, alikuwa ameweka sheria: "Walioondoka hatuwahesabu. Ukiwahesabu, unawaita." Kwa hiyo wale wawili hawakuhesabiwa, hawakutajwa, majina yao yalikunjwa kama nguo za marehemu. Olive aliwakumbuka peke yake. Alikumbuka hasa macho yao: ile sehemu ambayo kwa watu wote ni nyeupe, kwao ilikuwa na rangi ya mafuta ya mawese yaliyochanganywa na maji.

Mama yake alipopata mimba tena, Olive alimsindikiza kwenye kituo cha afya cha mtaa, akimbebea mfuko.

"Mama Olive," aliuliza nesi, mgeni wa mtaa ule, "hii mimba ya ngapi?"

"Ya pili."

"Na wa kwanza?"

"Yule pale mlangoni. Mzima kabisa."

Nesi alimwangalia Olive, akaona mtoto mwenye magoti yenye makovu na meno yote mdomoni, akaridhika. Akamwambia mama aende hospitali kubwa kupimwa damu ajue ni ya kundi gani. Mama aliitikia, lakini hakwenda. Kule hospitali, alisema, wanauliza maswali mpaka wanafika kwenye ndoto zako. Walipokuwa wakipanda mlima kurudi nyumbani alisimama kupumua, akasema bila kumtazama mtoto wake:

"Umesikia vile nimesema?"

"Nimesikia, maman."

"Basi na wewe ni vile vile."

Mtoto alizaliwa asubuhi, kituoni pale pale. Mvulana. Wakamwita Chris. Olive alikimbia kutoka shule bila hata kuvua sare, akaruhusiwa kumtazama kutoka mwisho wa kitanda. Chris alikuwa na nywele nyingi na uso wa hasira, kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Olive akacheka. Kisha mtoto akafumbua macho kidogo, na kicheko chake kikakatika.

Aliyajua macho yale.

Mchana nesi naye aliyaona. Koko Francine alisema si kitu, jua la asubuhi litamaliza. Ni kweli kwamba watoto wengi huwa njano kidogo baada ya kuzaliwa na hupona. Lakini nesi alitikisa kichwa.

"Koko, manjano ya siku ile ile ya kuzaliwa hatuyaaniki kama nguo. Muende hospitali. Sasa hivi."

Papa Grégoire, baba yake Olive, alikuwa Luvungi, chini kwenye bonde la Ruzizi, anaezeka nyumba. Alipigiwa simu, akasema anatafuta gari. Kwa hiyo waliokwenda hospitali walikuwa mama, Koko, mtoto, na Olive na termosi ya chai.

Chumba cha watoto wachanga hakiruhusu watu wengi. Olive aliachwa kwenye benchi la korido. Watu walipita na sahani, na mabeseni, na wagonjwa wao, kila mtu na wake. Yeye alikuwa na termosi. Mlango ulibaki wazi kidogo, na sauti zikatoka.

"Mama, huyu ni mtoto wako wa ngapi?" Huyo alikuwa Docta Larissa, daktari mwembamba mwenye miwani.

"Wa pili, docta."

"Wa kwanza alipata manjano?"

"Hapana."

"Umewahi kupoteza mtoto?"

Iliyojibu ilikuwa sauti ya Koko Francine, imara kama nguzo:

"Hapana."

"Sawa. Basi huenda ni mikrobi, vijidudu vya ugonjwa. Tutamweka chini ya taa ya bluu, tumpe dawa, tuone kesho inasemaje."

Olive alishika termosi kwa mikono miwili. Kesho! Wale wawili nao waliambiwa kesho. Mmoja aliingojea kesho kifuani mwa mama, mwingine mgongoni mwa Koko, na kesho ilipofika haikuwakuta.

Aliwaza: nikisema, Koko hatanisamehe. Nikisema, docta atahesabu: mmoja, wawili, na huyu wa tatu, na dada yao mzima anakunywa chai. Atanitazama kama wale wa bombani. Labda atasema nitolewe hata koridoni. Nisiposema, hakuna atakayejua kwamba nilijua. Ni mimi tu nitakayejua, na mimi nimezoea kujua mambo peke yangu.

Hapo Docta Larissa akatoka. Alipoona msichana mwenye sare amekumbatia termosi kama mtoto mchanga, akatabasamu.

"Wewe ndiye dada mkubwa? Félicitations, hongera! Umepata mdogo wako wa kwanza."

Olive alifungua mdomo kusema aksanti. Kilichotoka kilikuwa kitu kingine.

"Si wa kwanza, docta. Ni wa tatu."

"Wa tatu?"

"Wawili walikufa. Walikuwa njano hivi hivi. Macho yao yalikuwa hivi hivi. Na walianza siku ya kwanza, kama huyu."

"Olive!" Koko alikuwa mlangoni. "Nani amekuuliza wewe?"

"Mimi nimemuuliza, Koko," alisema Docta Larissa, ingawa hakuwa ameuliza. Tabasamu lake lilikuwa limeondoka, lakini hakumtazama Olive kwa woga. Alimtazama kama mtu aliyepotea njia mlimani kisha akaonyeshwa. Akarudi ndani, akachuchumaa mbele ya mama. "Mama Olive, ni kweli?"

Mama alifunika uso kwa khanga na mabega yakaanza kutikisika. Ilitosha kuwa jibu. Docta Larissa akatoka tena, mbio, akiita watu wa maabara.

Aliyekuja alikuwa Maman Asumini, mwanamke wa benki ya damu, kilemba cheupe kichwani na kalamu tatu mfukoni. Wazee wake walikuwa wafanyabiashara wa Uvira, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama shati lililopigwa pasi. Alichukua damu kidogo ya mama na ya mtoto. Kisha akamgeukia Olive.

"Na wewe, mwanangu, njoo. Nahitaji kidole chako."

"Mimi?" Olive alirudi nyuma. Hakuna mtu aliyewahi kusema anahitaji kitu chake.

Maabara ilikuwa chumba kidogo chenye friji kubwa. Maman Asumini alimchoma kidole kabla hajapata nafasi ya kulia, akaweka matone juu ya kigae cheupe. La kushoto lilikuwa la mama, la kulia la Olive. Kila moja akalitilia tone la dawa, akatikisa kigae taratibu.

"Tazama."

Damu ya mama ilibaki laini, kama mchuzi wa nyanya. Damu ya Olive ikaanza kukatikakatika, ikawa na mabonge madogo mekundu, kama uji uliopikwa na mtu mwenye haraka.

"Yangu imeharibika!"

"Haijaharibika. Imejibu." Maman Asumini alifikiri kidogo. "Unawajua motari wa Nyawera, wale wanaopakia watu kwa pikipiki?"

"Tonton wangu, ndugu wa maman, ni motari wa Nyawera."

"Vizuri sana. Kila mmoja anavaa jile, ile fulana ya kung'aa, ili wenzake wamtambue. Sivyo? Sasa chembe nyekundu za damu yako ni kama pikipiki nyingi sana. Na zako zimevaa jile inayoitwa Rhesus. Alama ya namna hiyo juu ya chembe, sisi tunaiita antijeni. Mwenye jile hiyo tunasema ni positif. Watu wengi wa hapa Bukavu ni positif. Mama yako hana jile hiyo. Yeye ni négatif. Si ugonjwa. Ni vile alivyozaliwa."

"Na akija motari mwenye jile ya wengine?"

"Wewe niambie. Akija mgeni kupakia watu kwenye parking isiyo yake, inakuwaje?"

"Wanamshika!" alisema Olive. "Tonton alisema siku moja walimshika mmoja mpaka ufunguo wakamnyang'anya."

"Ndiyo hivyo. Damu nayo ina wanaoshika wageni. Tunawaita kingamwili, shuleni utasikia anticorps. Ndio wanaotulinda na magonjwa, Mungu awabariki. Lakini hawaulizi mgeni amekuja kwa nia gani. Wanaona jile tu."

Alichukua kichupa kirefu. Akatia maji meupe yaliyojitenga na damu ya mama, akatia na chembe nyekundu za Olive. Akakiweka kwenye maji ya uvuguvugu, wakangoja. Baadaye akaziosha zile chembe, akatia dawa nyingine. "Hii inawashikanisha mikono hao walioshika, ili tuwaone," alisema. Akakizungusha kwenye mashine, akakiinua mbele ya dirisha na kukitikisa.

Chini ya kichupa lilikuwa limebaki bonge moja jekundu. Lilikataa kusambaa.

"Basi," alisema Maman Asumini kwa sauti ya chini. "Wapo. Na ni wengi."

Olive alitazama lile bonge. Ilikuwa damu yake, imebanwa na damu ya mama yake. Mtaa mzima ulimkwepa, hilo alilizoea. Lakini alidhani angalau ndani ya ngozi ya mama yake alikuwa na mahali.

"Kumbe hata damu ya maman hainitaki," alisema.

Maman Asumini alitaka kujibu, lakini Docta Larissa alikuwa ameshafika mlangoni, na jibu la kichupa lilikuwa halingoji. Wale kingamwili walikuwa wamepita kutoka kwa mama hadi kwa Chris alipokuwa tumboni, na sasa walikuwa wanavunja chembe zake moja baada ya nyingine. Rangi ya njano ilikuwa mabaki ya kuvunjika huko. Ikizidi ingefika kwenye ubongo. Mtoto alihitaji kubadilishiwa damu, atolewe hii kidogo kidogo, atiwe nyingine. Na hiyo nyingine ilipaswa kuwa O négatif, damu isiyo na jile, ili wale washikaji wasione cha kushika.

Maman Asumini alifungua friji. Mifuko ilikuwepo. Alisoma mmoja mmoja. Positif, positif, positif.

"Négatif hakuna," alisema.

Wakati huo Papa Grégoire akaingia kutoka Luvungi, ameshaelezwa koridoni, vumbi mpaka kwenye nyusi, mkono wa shati umeshakunjwa.

"Damu iko hapa. Mutoe yote!"

Wakampima. Tone lake likaganda mabonge, sawasawa na la Olive.

"Papa, damu yako ni nzuri," alisema Maman Asumini, "na yupo mtu wodini itamfaa. Lakini si huyu mtoto. Ina jile ile ile."

"Mimi ni baba yake! Mutoto ataikataa namna gani damu ya baba yake?"

"Papa, hiyo jile ameipata kwako."

Papa Grégoire alikaa chini, mkono bado umekunjwa. Hakuna kitu kizito kama mkono uliokunjwa kutoa, ukaambiwa haufai.

"Nani mwingine?" aliuliza Docta Larissa. "Mama Olive ana ndugu wa baba na mama mmoja? Hao ndio tuanze nao. Huenda mmoja ni négatif kama yeye."

"Barthélemy," alisema Papa. "Motari."

Walipiga simu. Ikalia, ikalia, ikachoka. Papa alihitajika pale, Koko miguu haikumruhusu. "Mimi ninajua anapokaa," alisema Olive, na kabla hawajajadiliana alikuwa ameshatoka getini.

Alikimbia mpaka Nyawera. Soko lilikuwa limefurika: wabeba mizigo wakipiga kelele wapishwe, wauza viatu wakigonga soli, mama wa ndizi akibishana na mama wa ndizi mwenzake juu ya kivuli cha mwavuli. Watu wote wale, na kila mmoja ana damu mwilini, na huenda mmoja wao angeweza kumwokoa Chris bila hata kujua. Olive aliwapita wote, akijiona mdogo kama punje. Alifika kwenye pikipiki.

"Namtafuta tonton Barthélemy."

"Barthélemy yupi?" aliuliza kijana mmoja aliyelala juu ya pikipiki yake kama kitandani. "Tuko nao watatu. Iko murefu, iko mufupi, na iko ule mwenye uongo."

"Ule mwenye uongo," alisema Olive bila kusita.

Wote wakacheka, na tonton Barthélemy akajitokeza kutoka kwenye kibanda cha chai, andazi mdomoni.

"Nani ananiharibia jina? Oh, ni wewe, ma nièce, mtoto wa dada?"

Olive alimwambia yote. Andazi likasimama njiani.

"Damu? Na sindano?"

"Na sindano."

"Kubwa?"

"Tonton, sijaiona."

"Mimi nashukaga mlima wa Ngomo na mvua, gunia mbili nyuma, sina hata uoga," alisema tonton, na kijasho kikamtoka puani. "Lakini sindano... Olive, sindano inaingiaga mpaka ndani."

"Nitakushika mkono."

Hakuna motari anayeweza kukataa neno kama hilo mbele ya wenzake. Tonton alimtazama mtoto, akawatazama wenzake, akapiga teke pikipiki. "Panda. Panda upesi, kabla sijabadilisha mawazo."

Maabarani Olive alimshika mkono kama alivyoahidi. Maman Asumini alitia tone la dawa, akatikisa kigae. Wakatazama. Wakatazama tena. Damu ya tonton Barthélemy ilikuwa laini kama mchuzi. Hata bonge moja halikuonekana, na kundi lake lilikuwa O. Ilipowekwa pamoja na maji ya damu ya mama kwenye kichupa, chembe zilisambaa kwa amani. Wakaipima na magonjwa, ikawa safi. Wakati mfuko unajaa, tonton alifumba macho akaimba wimbo wa kanisani, kwa sauti mbaya kiasi kwamba mgonjwa wa chumba cha pili aliomba aongezewe dawa ya kichwa.

Kubadilisha damu ya mtoto mchanga ni kazi ya subira. Unatoa kidogo, unatia kidogo. Mlango ulifungwa. Papa na tonton walisimama uani. Olive alirudi kwenye benchi lake. Koko Francine alikuwa amekaa mwisho wa benchi lile lile, na kati yao kulikuwa na nafasi ya watu wanne.

Baada ya muda mrefu Maman Asumini alitoka, akakaa katikati ya nafasi ile.

"Amevumilia vizuri," alisema. "Taa inaendelea, na tutamchunga. Lakini docta anaridhika."

Olive aliitikia kwa kichwa. Halafu akauliza kile alichokuwa amekishika tangu kwenye kichupa.

"Maman Asumini, mimi ndiye niliyekuja wa kwanza. Kama damu ya maman haikuwa inaijua ile jile, aliyeileta ni nani?"

Mwanamke yule angeweza kudanganya. Watu wazima wengi wangedanganya, tena kwa huruma.

"Ni wewe," alisema. "Siku ya kuzaliwa kwako damu yako kidogo iliingia kwa mama. Kingamwili wakaiona jile, wakajifunza. Wewe ulikuwa umeshazaliwa, hawakukuwahi. Lakini hawasahau. Walipokuja wadogo zako na jile ile ile, wakawashika."

"Kwa hiyo mtaani wanasema kweli."

"Hapana! Nisikilize. Kufika wa kwanza si kosa. Jile hukuichagua, na mama hakuwachagua kingamwili wake. Hawakuwa wanakuchukia, hawakukujua hata jina. Ipo sindano ambayo mama wa namna hii hupewa mara tu akizaa, ili damu yake isijifunze kushika. Wewe ulizaliwa wapi?"

"Luvungi. Nyumbani kwa tante, shangazi yangu."

"Nyumbani. Basi hakuna aliyepima, hakuna aliyejua. Hao wadogo zako walikufa kwa ugonjwa wenye jina na wenye dawa. Na huyu wa leo anaishi kwa sababu wewe ulisema. Damu, mwanangu, haina aibu. Ukiiuliza, inajibu ilicho nacho. Wenye aibu ni sisi. Ukimficha daktari ukweli, umemfunga kitambaa machoni, halafu unamwomba akuvushe barabara."

Mlango ulifunguliwa. Mama alitoka polepole, ameshika ukuta. Alikuwa amesikia, au alikuwa amefika mwenyewe pale pale kwa njia yake. Hakwenda kwa Olive kwanza. Alisimama mbele ya Koko Francine.

"Mama," alisema, na hakuinamisha macho kama siku zote. "Docta ameniuliza tena nimezaa mara ngapi. Nimesema mara nne. Nimetaja Olive, nimetaja Pascal, nimetaja Cikuru, nimetaja Chris. Na mtaani pia nitasema, kwa sauti. Hakuna mutoto wangu alikula mwenzake."

Koko alitazama mikono yake.

"Cikuru," alisema hatimaye, kama anayeonja neno. "Lile lilikuwa jina la baba yangu. Mimi njo nilimupa."

Kisha akafunika mdomo kwa ncha ya khanga, akalia, kwa mara ya kwanza tangu watoto wale walipoondoka.

Mama akakaa kando ya Olive, karibu kabisa, mpaka nyonga zao zikagusana.

"Niliogopa nikiwataja nitapoteza na mwingine," alimwambia. "Kumbe niliponyamaza nilikuacha wewe peke yako pamoja nao. Kimya hakilindi mtoto, Olive. Kinamwacha tu bila mtu. Ukweli unauma siku moja, kisha unafungua njia ya dawa. Kumbuka hivyo hata ukiwa mkubwa."

"Nitakumbuka, maman."

"Sasa nenda ndani umwone. Docta ameruhusu mmoja, na nimemwambia ni wewe."

Olive alinawa mikono mpaka viwiko, kama alivyoelekezwa, akaingia. Chini ya taa ya bluu Chris alikuwa amefungwa macho kwa kitambaa, miguu inapiga hewa, na uso wake wa hasira ulikuwa palepale. Nesi alifungua kidirisha cha kisanduku cha kioo alimolazwa. Olive akapenyeza kidole kimoja, kile kilichochomwa sindano. Mtoto akakikamata, akakivuta, akakataa kukiachia.